Mashahidi Watano Hawakutosha: Habari ya Namba 4,294,967,297

Kila askari aliyepita depo analijua jambo hili hata kama hakulisoma darasani. Askari 24 waweza kupangwa katika safu zilizo sawa kwa namna nyingi: safu mbili za watu 12, safu tatu za watu wanane, au safu nne za watu sita, na sajini meja hatapata mtu wa ziada. Lakini apungue mtu mmoja tu, wabaki 23, na hapo sajini atahangaika bure. Akiwapanga wawili wawili, mmoja atabaki pembeni. Akiwapanga watatu watatu, watabaki wawili. Akiwapanga wanne wanne, watabaki watatu. Hatimaye hana budi kuwasimamisha wote katika mstari mmoja mrefu, kwa kuwa 23 haikubali kugawanyika katika safu zilizo sawa.

Namba za tabia hii wataalamu wa hesabu wameziita namba tasa. Namba tasa haina kigawo chochote isipokuwa 1 na yenyewe. Miongoni mwao ni 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19 na hiyo 23. Namba nyingine zote zaidi ya 1 hupatikana kwa kuzidisha namba tasa, kama vile 24 ipatikanavyo kwa kuzidisha 2 kwa 2 kwa 2 kwa 3. Mtoto nyumbani anaweza kulijaribu jambo hili kwa punje za maharagwe juu ya meza kabla mama hajaziinjika jikoni: achukue punje 15 azipange katika mistari iliyo sawa, kisha achukue 13 ajaribu tena. Atakuwa ameelewa somo bila ya kuchapwa.

Hadi hapo mambo ni mepesi. Basi na tutazame kikosi kikubwa zaidi, cha askari 4,294,967,297, yaani bilioni nne, milioni mia mbili tisini na nne, elfu mia tisa sitini na saba, mia mbili tisini na saba. Je, kikosi hicho chaweza kupangwa katika safu zilizo sawa, au ni lazima kisimame katika mstari mmoja? Swali hili liliulizwa Ulaya katika karne ya 17. Mtu mwenye sifa kubwa alitoa maoni yake, na maoni hayo yalikaa miaka 92 kabla ya kukanushwa. Namna yalivyokanushwa ni habari inayofaa kujulikana na kila mtu ambaye kazi yake ni kutofautisha kati ya kudhani na kujua.

AFISA WA MAHAKAMA MWENYE KUPENDA HESABU

Mtu huyo alikuwa Mfaransa, Pierre de Fermat. Hesabu haikuwa kazi iliyompa mkate wake. Yeye alikuwa mwanasheria, na kwa muda mrefu alikuwa mshauri katika mahakama kuu ya mji wa Toulouse, kusini mwa Ufaransa. Mchana alisikiliza mashauri ya watu, na wakati wa mapumziko alijishughulisha na namba. Hakuchapisha vitabu vya uvumbuzi wake. Desturi yake ilikuwa kuwaandikia wenzake barua na kuwaeleza aliyoyaona. Hata hivyo, alipofariki mwaka 1665, jina lake lilikuwa limekwisha kuwa kubwa miongoni mwa wanachuoni wa hesabu, na hadi leo halijapungua.

Mwaka 1640 Fermat alimwandikia mwenzake aitwaye Frenicle habari ya namba fulani alizozitengeneza kwa utaratibu mwepesi. Msomaji anaweza kuufuata utaratibu huo kwa kalamu ya risasi na kipande cha karatasi.

Anza na 2. Izidishe kwa yenyewe upate 4. Zidisha 4 kwa 4 upate 16. Zidisha 16 kwa 16 upate 256. Zidisha 256 kwa 256 upate 65,536. Zidisha 65,536 kwa 65,536 upate 4,294,967,296. Sasa rudi mwanzo, na kwa kila namba uongeze 1. Utapata 3, 5, 17, 257, 65,537 na 4,294,967,297.

Fermat aliona kwamba 3 ni namba tasa. Kadhalika 5 ni tasa, na 17 ni tasa. Ukiijaribu 257 utaona kwamba nayo haigawanyiki. Namba 65,537 inahitaji subira zaidi, maana ili kuwa na hakika ni lazima ujaribu kuigawa kwa namba tasa zote zilizo chini ya 256, nazo ni 54. Lakini nayo, baada ya kazi yote hiyo, hutokea kuwa tasa. Mashahidi watano walisimama mmoja baada ya mwingine na wote wakatoa ushahidi ule ule. Fermat akadhani kwamba utaratibu huo hautashindwa kamwe, na kwamba namba zote zitakazozaliwa kwa njia hiyo, hata ziwe kubwa namna gani, zitakuwa tasa.

Ni haki kusema kwamba Fermat hakujidai. Katika barua hiyo alikiri kwamba uthibitisho kamili hakuwa nao, bali alikuwa karibu ameridhika moyoni mwake. Lakini maneno ya mtu mkubwa husafiri mbali, na mara nyingi njiani yale maneno madogo ya tahadhari hudondoka.

KAZI YA SIKU 136

Kwa nini yeye mwenyewe hakuipima ile namba ya sita? Jibu moja ni ukubwa wa kazi. Ili kuthibitisha kwa kugawa tu kwamba 4,294,967,297 ni tasa, mtu atalazimika kuigawa kwa kila namba tasa iliyo chini ya 65,536. Hana haja ya kupita hapo, kwa maana ikiwa kikosi kitapangwa katika safu zenye zaidi ya watu 65,536 kila moja, basi hesabu ya safu zenyewe itakuwa chini ya hapo, na ingekwisha kuonekana.

Namba tasa zilizo chini ya 65,536 ni 6,542. Tuseme karani hodari anatumia dakika kumi kwa kila mgawanyo wa namba ndefu kama hiyo, na anafanya kazi saa nane kila siku. Atamaliza baada ya siku 136, pasipo kukosea hata mara moja na pasipo siku ya mapumziko. Mtu mwenye mashauri mezani hawezi kulaumiwa kwa kuahirisha kazi hiyo.

Lakini kuna jambo la kushangaza, na ni hapa ambapo habari hii inauma. Karani huyo asingehitaji kufika mwisho. Kama angeanza na 2, kisha 3, kisha 5, akaendelea kwa utaratibu, angekutana na jibu kwenye namba tasa ya 116. Kwa mwendo wa dakika kumi kila mgawanyo, hiyo ni kazi ya saa 19 na dakika 20, yaani chini ya siku tatu. Tena mwaka ule ule wa 1640 Fermat alikuwa amegundua kanuni moja maarufu juu ya namba tasa, ambayo kwayo kazi hiyo ingeweza kupunguzwa hadi migawanyo michache tu. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, naye hakuutia katika kufuli.

KIJANA WA UMRI WA MIAKA 25

Mwezi Desemba 1729 mwanachuoni Christian Goldbach alituma barua kutoka Moscow kwa kijana mmoja aliyekuwa St. Petersburg. Alimwuliza kama anaifahamu ile dhana ya Fermat. Kijana huyo alikuwa Leonhard Euler, mzaliwa wa Basel huko Uswisi, aliyezaliwa mwaka 1707. Alikuwa amekwenda Urusi mwaka 1727 kutafuta kazi katika Akademia ya nchi hiyo, na kati ya mwaka 1727 na 1730 alihudumu pia katika jeshi la maji la Urusi kwa cheo cha luteni upande wa tiba.

Mwanzoni Euler hakulijali sana swali hilo, lakini baadaye likamwingia. Mwaka 1732, akiwa na umri wa miaka 25, aliandika kwamba namba ya sita ya Fermat si tasa, kwa kuwa inagawanyika kwa 641 bila ya kubakiza kitu. Wakati huo hakueleza njia aliyoipitia. Alisema tu kwamba yeyote atakayejaribu ataliona hilo mara moja.

Njia yenyewe aliieleza miaka kadhaa baadaye. Badala ya kujaribu kila namba tasa, alitafuta kwanza sifa za mhalifu, kama afanyavyo mpelelezi mwenye akili ambaye hawakamati watu wote wa mtaa. Alionyesha kwamba kigawo chochote cha namba hii, kama kipo, ni lazima kibakize 1 kinapogawanywa kwa 64. Hivyo washukiwa wa kwanza ni 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577 na 641. Miongoni mwao 65, 129, 321, 385 na 513 si namba tasa, kwa hiyo huondolewa. Hubaki watano tu: 193, 257, 449, 577 na 641.

Ukigawa 4,294,967,297 kwa 193 hubaki 109. Ukigawa kwa 257 hubaki 2. Ukigawa kwa 449 hubaki 325. Ukigawa kwa 577 hubaki 288. Ukigawa kwa 641, hapabaki kitu. Kazi ya siku 136 ikawa kazi ya saa moja.

JIPIME MWENYEWE

Uzuri wa habari hii ni kwamba msomaji hana haja ya kumwamini Euler, wala kumwamini mwandishi yeyote wa gazeti. Achukue daftari na kufanya hesabu hii ya kuzidisha, ambayo mtoto wa shule ya msingi anaiweza:

6,700,417 mara 600 ni 4,020,250,200.
6,700,417 mara 40 ni 268,016,680.
6,700,417 mara 1 ni 6,700,417.

Jumlisha mistari hiyo mitatu. Jumla ni 4,294,967,297, hakuna zaidi wala pungufu. Kikosi kile kikubwa, kumbe, chaweza kupangwa katika safu 641 zenye watu 6,700,417 kila moja, na sajini meja hatapata mtu wa ziada hata mmoja.

Aonaye kwamba namba hizo ni ndefu mno anaweza kupita njia ya mkato. Kwanza agawe 65,536 kwa 641. Atabakiwa na 154. Kwa kuwa namba yetu ni 65,536 mara 65,536 na kuongeza 1, yatosha kuyatazama mabaki tu. 154 mara 154 ni 23,716. Ongeza 1 upate 23,717. Na 23,717 ni 641 mara 37 kamili. Basi shauri limekwisha.

Hapo ndipo dhana ya Fermat ilipoanguka. Haikuanguka kwa sababu Euler alikuwa na cheo kuliko Fermat, maana hakuwa nacho. Alikuwa kijana, na Fermat alikuwa jina kubwa. Ilianguka kwa sababu kuzidisha hakujali cheo. Mashahidi watano walikuwa wamesema kweli kila mmoja kwa habari yake mwenyewe, lakini hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na haki ya kumsemea wa sita.

Euler aliishi hadi mwaka 1783. Alizaa watoto 13, na watano tu ndio waliopita utoto, msiba ambao familia nyingi za zama hizo ziliufahamu. Jicho lake la kulia lilipoteza nuru angali kijana, na katika uzee wake alikuwa karibu kipofu kabisa. Lakini aliendelea kufanya hesabu kichwani na kuwasomea wanawe na wasaidizi wake maneno ya kuandika. Kazi zake ni nyingi hata uchapishaji wake umechukua zaidi ya karne moja.

MTOTO WA VERMONT

Namba hii ilitokea tena hadharani kwa namna ya ajabu. Mwaka 1804 alizaliwa huko Vermont, Marekani, mtoto aitwaye Zerah Colburn. Kabla hajafundishwa hesabu shuleni, baba yake alimsikia akitamka majibu ya kuzidisha. Baba akaona riziki. Akamchukua mtoto akamtembeza mji hadi mji, watu wakilipa ili kumwuliza maswali, na mwaka 1812 akamvusha bahari hadi London.

Huko London, mtoto huyo wa umri wa miaka minane aliulizwa vigawo vya 4,294,967,297. Watu waliokuwapo waliandika kwamba alijibu bila ya kalamu wala karatasi: ni 641 mara 6,700,417. Jambo lililohitaji akili ya Euler, mtoto alilitamka akiwa amesimama mbele ya watazamaji.

Wazazi wasikilize na mwisho wa habari. Masomo ya mtoto yule yalikatizwa mara kwa mara. Alisoma muda fulani Paris, muda fulani London, kisha akaondolewa tena, naye baba hakuacha kutafuta namna ya kupata fedha kwa kipaji cha mwanawe. Baba alifariki London mwaka 1824 bila ya kupata utajiri aliouwazia. Zerah alirudi kwao, akawa mhubiri, kisha mwalimu wa lugha katika chuo huko Vermont, na akafariki mwaka 1839 akiwa na umri wa miaka 34. Ule uwezo wa ajabu ulikuwa umefifia zamani, na katika elimu ya hesabu hakuacha kanuni yoyote yenye jina lake. Euler alipewa walimu, naye akatoa njia ambayo watu wote waliweza kuipita. Colburn alipewa jukwaa.

WALIOFUATA

Dhana ya Fermat ilikufa, lakini namba zake hazikufa. Mwezi Machi 1796 kijana Mjerumani Carl Friedrich Gauss, ambaye alikuwa hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba umbo lenye pande 17 zilizo sawa laweza kuchorwa kwa rula na bikari tu, jambo ambalo Wayunani wa kale hawakulijua. Siri ilikuwa katika zile namba za Fermat zilizo tasa: 3, 5, 17, 257 na 65,537. Mwanachuoni mwingine Mjerumani, Hermes, alitumia miaka kumi kuandika namna ya kuchora umbo lenye pande 65,537, na maandishi yake yamehifadhiwa katika mji wa Göttingen. Hakuna fundi atakayelichora umbo hilo, kwani kwa macho halitofautiani na duara.

Namba ya saba katika mlolongo wa Fermat ni 18,446,744,073,709,551,617. Mwaka 1880 mzee Mfaransa aitwaye Landry, mwenye umri wa miaka 82, alitangaza kwamba hiyo nayo si tasa, bali ni 274,177 mara 67,280,421,310,721. Uzee haukumzuia.

Namba ya nane ina tarakimu 39, na habari yake ina fundisho la pekee. Mwaka 1905 ilithibitishwa kwamba si tasa, lakini hakuna aliyeweza kuvitaja vigawo vyake. Ilikuwa kama kujua kwa hakika kwamba sanduku lina kitu ndani, na wakati huo huo kutoweza kulifungua. Vigawo vyenyewe vilipatikana mwaka 1970, baada ya miaka 65, kwa msaada wa kompyuta. Namba ya kumi, yenye tarakimu 155, ilivunjwa kabisa mwaka 1990 kwa kuunganisha nguvu za mamia ya kompyuta katika nchi mbalimbali.

Hadi leo, kila namba ya Fermat iliyopimwa baada ya ile ya tano imeonekana kuwa si tasa. Namba 33 za kwanza katika mlolongo zimekwisha kuamuliwa zote. Ya 34 ina tarakimu zaidi ya bilioni mbili na nusu, na habari yake bado haijulikani. Wapo wanaodhani sasa kwamba hakuna tasa ya sita. Lakini msomaji aliyefuatana na habari hii tangu mwanzo atajua la kuwauliza: je, mmethibitisha, au mnawahesabu mashahidi tu, kama alivyofanya Fermat?

KUFULI ZA SIKU HIZI

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni michezo ya watu wasio na kazi. Usione vyaelea, vimeundwa. Kuzidisha namba mbili kubwa ni kazi nyepesi; kulichukua jibu la kuzidisha huko na kuzirudisha zilivyokuwa ni kazi nzito mno. Msomaji ameliona hilo mwenyewe: kuzidisha 641 kwa 6,700,417 kulihitaji mistari mitatu, na kuzitafuta namba hizo mbili kulihitaji miaka 92.

Mwaka 1977 wataalamu watatu huko Massachusetts, Marekani, yaani Rivest, Shamir na Adleman, waliigeuza tofauti hiyo kuwa kufuli. Mwenye kufuli huchagua namba tasa mbili zenye mamia ya tarakimu, akazizidisha, na jibu akalitangaza kwa watu wote. Kwa jibu hilo mtu yeyote anaweza kumtumia ujumbe uliofungwa, lakini kuufungua ni yeye tu aziwezaye, kwa kuwa yeye tu ndiye azijuaye zile namba mbili za mwanzo. Kufuli za namna hii zimelinda kwa miaka mingi habari za mabenki, maofisi na barua zipitazo katika mtandao wa intaneti, ingawa siku hizi kuna na kufuli za aina nyingine.

Katika kufuli hizo hutumika pia namba ya msaada, na ile inayochaguliwa zaidi kuliko zote ni 65,537, shahidi wa tano wa Fermat. Imependwa kwa kuwa ni tasa, na kwa kuwa katika lugha ya kompyuta, yenye tarakimu 0 na 1 tu, huandikwa kwa 1, kisha sifuri kumi na tano, kisha 1 tena, na hivyo mashine huipiga hesabu kwa wepesi. Namba iliyoandikwa katika barua ya afisa wa mahakama mwaka 1640 imo ndani ya mashine zinazobeba fedha na siri za watu leo. Ni vema kukumbuka, hata hivyo, kwamba hakuna kufuli ya hesabu iwezayo kumlinda mtu aliyemtajia mgeni namba yake ya siri kwa mdomo wake mwenyewe.

ZOEZI LA NYUMBANI

Kwa familia zitakazopenda kuliendeleza somo hili jioni, hapa pana zoezi ambalo Euler huyo huyo aliliandika mwaka 1772. Chukua namba yoyote kuanzia sifuri, izidishe kwa namba inayoifuata, kisha ongeza 41. Kwa mfano, 0 mara 1 na 41 ni 41, nayo ni tasa. 1 mara 2 na 41 ni 43, tasa. 2 mara 3 na 41 ni 47, tasa. 3 mara 4 na 41 ni 53, tasa. Endelea hivyo, na kila jibu litakuwa tasa hadi utakapofika 39 mara 40 na 41, ambayo ni 1,601, nayo pia ni tasa.

Hao ni mashahidi 40, mara nane ya wale wa Fermat, na wote wanasema neno moja. Mtoto akishangilia na kusema kwamba sasa ameipata kanuni isiyoshindwa, asikemewe wala asipewe jibu. Apewe kalamu ya risasi, na aambiwe afanye ya 41: 40 mara 41, kisha aongeze 41, na halafu ajaribu kuigawa.